Hedhi ilikoma miaka mitano iliyopita, mbona naona damu tena?

Daktari, salamu, na pole kwa kazi.

Mimi ni mama wa miaka 57. Hedhi yangu ya mwisho niliiona nikiwa na miaka 52, haikurudi tena. Miezi 14 iliyopita joto la ghafla na jasho la usiku vilinizidi, nikaanzishiwa homoni: kibandiko cha estrojeni cha mikrogramu 50 ninachobadilisha mara mbili kwa wiki, na kapsuli ya projesteroni ya miligramu 100 kila usiku. Kizazi changu kipo, sijawahi kufanyiwa upasuaji. Miezi miwili ya kwanza nilipata madoa madoa, nikaambiwa ni kawaida kwa anayeanza, na kweli yakakatika. Baada ya hapo nilikaa karibu mwaka mzima bila kuona hata tone.

Wiki tatu zilizopita nilijifuta chooni nikaona rangi ya kahawia. Ilidumu siku nne ikaisha, nami nikajituliza. Juzi imerudi, safari hii nyekundu, kama kijiko cha chai hivi kwenye pedi. Maumivu sina, ila tumbo la chini linavuta kwa mbali.

Nisikufiche. Kapsuli inanilevya, naamka kichwa kizito. Kwa hiyo tangu miezi minne hivi nameza usiku mmoja naruka mmoja, na pakiti iliyokuwa ikiisha kwa mwezi sasa inanifikisha miezi miwili. Kibandiko siruki, maana nikikikosa joto linarudi. Shida yake ni kona kubanduka, kwa kuwa nimezoea kujipaka mafuta mwili mzima nikitoka kuoga. Huwa nakishikiza kwa plasta.

Rafiki yangu ambaye naye anatumia homoni ananiambia kapsuli ndiyo inayoleta damu, niiache kabisa nibaki na kibandiko. Mdogo wangu anasema nitupe vyote. Mume wangu sijamwambia, naona haya kuzungumzia damu katika umri huu. Usiku nawaza saratani tu. Je, nisubiri nione kama itarudi mara ya tatu? Na nikienda hospitali watanifanya nini?

Mama wa Watatu

*

Dada yangu Mama wa Watatu, usisubiri mara ya tatu. Panga kumwona daktari wiki hii, hata kama damu itakuwa imekatika utakapofika. Damu kukatika haiondoi haja ya kipimo, na damu kuwepo siku hiyo haimzuii daktari kukupima. Wanawake wengi huahirisha miadi wakingoja wakauke kwanza, na wakishakauka wanaona hakuna tena sababu ya kwenda. Miezi inapita hivyo.

La pili ni hili, na ningependa ulisome hata kama mengine utayaruka: usifuate ushauri wa rafiki yako. Kubaki na kibandiko peke yake wakati kizazi kipo ndiyo njia mbaya kuliko zote ulizotajiwa. Mdogo wako angalau amekosea upande usio na hatari kubwa, kwa sababu anayeacha vyote viwili hupata shida ya joto kurudi tu. Anayeacha projesteroni na kubaki na estrojeni anaacha utando wa kizazi ukue bila wa kuuzuia.

Estrojeni ndiyo inayokutuliza joto, jasho na ukavu. Lakini ikifika kwenye utando wa ndani wa kizazi, inauambia ukue. Ulipokuwa ukipata hedhi, utando huo ulikua na kubanduka kila mwezi. Sasa haubanduki, kwa hiyo anahitajika mlinzi wa kuushika uwe mwembamba na mtulivu, na mlinzi huyo ni projesteroni. Kapsuli yako haikuandikwa kwa ajili ya joto wala usingizi, ingawa wengine huwasaidia kulala. Iliandikwa kwa ajili ya kizazi. Ndiyo maana aliyetolewa kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake, na wewe ukapewa mbili.

Kwa kibandiko cha mikrogramu 50, kipimo kinachotumika sana ni miligramu 100 za projesteroni kila usiku, bila kuruka. Wewe kwa miezi minne umekuwa ukipata wastani wa miligramu 50. Tena si wastani tu wenye shida. Projesteroni inayomezwa haikai mwilini muda mrefu, hivyo usiku unaoruka utando unabaki bila ulinzi, usiku wa pili unalindwa, wa tatu tena haulindwi. Utando unaovutwa huku na huku namna hiyo hubanduka vipande vidogo vidogo. Hayo ndiyo madoa ya kahawia, damu iliyokaa kidogo ndani kabla ya kutoka. Na hali ikiendelea kwa miezi, utando unaweza kunenepa kupita kiasi, na mnene kupita kiasi ndio ambao kwa baadhi ya wanawake hugeuka saratani polepole.

Kwa hiyo rafiki yako ameona kitu cha kweli akakisoma kinyume. Kapsuli inahusika na damu yako, ndiyo, lakini kwa upungufu wake.

Kibandiko nacho kina mchango. Kona ikibanduka, dawa inayopita kwenye ngozi hupungua, na ukiweka kipya hupanda. Kupanda na kushuka huko pekee kunaweza kuleta madoa. Plasta inashika ukingo lakini haiondoi mafuta yaliyo chini. Siku ya kubadilisha, oga, jikaushe vizuri, na sehemu utakayobandika usiipake chochote. Mafuta paka kwingine kote. Weka chini ya kiuno, kwenye tako au tumbo la chini, mbali na mkunjo na mkanda wa nguo, kamwe si kwenye titi. Kibandike kisha ukandamize kwa kiganja kwa sekunde 10 hivi, upitishe kidole ukingoni kote. Kipya kisikae palepale palipotoka cha zamani. Kikibanduka chote, weka kipya na uendelee na siku zako zilezile za kubadilisha.

Sasa, kabla hujamwona daktari, ufanye nini na dawa? Rudi kwenye kipimo ulichoandikiwa: kapsuli moja kila usiku, kibandiko kama kawaida. Usimeze mbili kufidia ulizoruka. Ukipiga simu hospitali wakakuambia usimamishe hadi upimwe, simamisha zote mbili kwa pamoja. Na ukirudia kapsuli damu ikapotea, usije ukasema nimeshajitibu. Kosa la kuruka kapsuli ni maelezo yanayoingia akilini, ila utando uliokaa miezi minne bila ulinzi wa kutosha lazima uangaliwe, na maelezo mazuri hayazuii kitu kingine kuwepo pembeni yake.

Maana vyanzo vingine vipo. Kuna vinyama laini vinavyoota ndani ya kizazi au kwenye mlango wake, vingi si saratani. Kuna uvimbe wa fibroidi. Kuna ngozi ya uke iliyokauka na kuwa nyepesi kiasi cha kuchanika kidogo wakati wa tendo la ndoa. Kibandiko hakitoshi kila mara kutibu hilo, na krimu ya estrojeni ya ukeni huongezwa. Kuna maambukizi, na kuna ugonjwa wa shingo ya kizazi, hivyo kama hujapimwa saratani ya shingo ya kizazi kwa muda mrefu, taja. Dawa nyingine nazo huvuruga homoni: rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI, hata mitishamba ya huzuni yenye mmea wa hypericum. Hizi hulifanya ini lisafishe homoni haraka kuliko ilivyopangwa. Dawa za kuzuia damu kuganda huongeza wingi wa damu, lakini usikubali zilaumiwe peke yake bila kizazi kuangaliwa. Kama uliwahi kutumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, sema bila kuulizwa.

Hakikisha pia damu inatoka wapi. Kwenye karatasi ya chooni, damu ya mkojo, ya haja kubwa na ya uke zinafanana. Tumia karatasi moja kufuta mbele baada ya kukojoa na nyingine kufuta nyuma, kisha vaa pedi safi. Ikiwa pedi inapata doa bila wewe kwenda chooni, kuna uwezekano mkubwa ni ya uke.

Kuhusu saratani, nitakujibu kwa namba kwa sababu hofu ya usiku haina kipimo. Katika kila wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani ya utando wa kizazi, na kwa wanaotumia homoni idadi huwa chini ya hapo. Wengi sana hukutwa na jambo dogo. Ila geuza namba hiyo uitazame upande wa pili: kati ya wenye saratani hiyo, karibu 9 katika kila 10 walianza kwa kuona damu. Maana yake saratani hii hupiga hodi mapema, wakati bado inatibika vizuri kwa upasuaji, na anayefungua mlango mapema ana nafasi nzuri. Ndiyo sababu nakuharakisha bila kukutisha.

Miadi ije haraka kiasi gani? Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2024 na chama cha wataalamu wa kukoma hedhi pamoja na wenzao unaweka mpaka unaosaidia. Madoa ndani ya miezi 6 ya kwanza ya kuanza homoni, au ndani ya miezi 3 baada ya kubadilishiwa dawa au kipimo, mara nyingi ni mwili kuzoea, na kama huna vihatarishi daktari anaweza kurekebisha dawa kwanza. Yakiendelea au yakianza baada ya mipaka hiyo, ultrasaundi inatakiwa ndani ya wiki 6. Wewe uko mwezi wa 14 na ulikuwa umekauka, kwa hiyo madoa yako ya mwanzo na haya ya sasa si kitu kimoja, hata kama rangi ni ileile. Wapo wanaotakiwa kuharakishwa zaidi, ndani ya wiki 2: mwenye uwiano wa uzito na urefu wa 40 au zaidi, mwenye kasoro ya kurithi kama Lynch ambayo huleta saratani za utumbo na kizazi katika ukoo, na aliyetumia estrojeni peke yake zaidi ya miezi 6 huku kizazi kipo. Kisukari na unene wa kadiri huongeza hatari pia. Kama mojawapo linakuhusu, liseme mapema, lisisubiri foleni.

(Msomaji unayemeza projesteroni siku 12 hadi 14 tu za kila mwezi, wewe unategemewa kutokwa damu mwishoni mwa siku hizo. Kwako kengele ni damu inayokuja nje ya ratiba, au inayozidi kuwa nyingi mwezi hadi mwezi. Na uliyetolewa kizazi ukaona damu, nenda ukapimwe vilevile.)

Watakufanya nini? Kwanza maswali, na hapo usifiche kapsuli ulizoruka. Daktari asiyejua atadhani dawa imeshindwa, akuongezee kipimo, na ulevi wa asubuhi uzidi, nawe uruke zaidi. Kisha ataangalia uke na shingo ya kizazi kwa kifaa cha kupanulia. Kama uke ni mkavu, omba kifaa kidogo na kilainishi cha kutosha.

Baada ya hapo ni ultrasaundi, na iliyo bora ni ya kupitia ukeni: utaambiwa ukojoe, kisha kipimo chembamba kilichovikwa kondomu kinaingizwa kwa dakika chache. Kinachotafutwa ni unene wa utando kwa milimita. Kwa mtu aliyeandikiwa homoni zote mbili mfululizo kama wewe, milimita 4 au chini inatia moyo. Kwa anayemeza projesteroni siku 12 hadi 14 tu za mwezi, mpaka ni 7. Omba uambiwe namba yako, uiandike. Ikizidi, au ikiwa sawa lakini damu ikagoma kukoma, hatua inayofuata ni kuchukua sampuli ya utando.

Sampuli ndiyo inayoogopwa, kwa hiyo nikueleze. Mrija wa plastiki wenye upana wa milimita 3 hivi hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, huvuta vipande vidogo vya utando, hutolewa. Kazi yenyewe ni kama dakika moja au mbili, na maumivu yake ni ya kubana kama ya hedhi kali. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla; ibuprofeni inafaa ikiwa huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mzio nayo, la sivyo parasetamoli. Pengine watahitaji kutazama ndani kwa kamera nyembamba, na hapo unaweza kuomba ganzi. Wakati wowote ukisema basi, wasimame. Utavaa pedi siku moja au mbili baadaye.

Majibu mengi huishia kwenye utando mwembamba, na hapo kinachobaki ni kupanga upya dawa. Kinyama kikionekana hutolewa na kupelekwa maabara. Utando ukiwa mnene lakini chembe zake hazijaharibika, hutibiwa kwa projestojeni, yaani homoni za jamii ya projesteroni, mara nyingi kwa kitanzi chenye homoni, kwa angalau miezi 6 huku sampuli zikirudiwa. Chembe zikiwa zimeanza kuharibika, au ikiwa ni saratani, kwa kawaida hushauriwa kizazi kitolewe.

Sasa turudi kwenye kapsuli inayokulevya, kwa sababu tusipolitatua hilo utairuka tena. Je, unaimeza pamoja na chakula cha usiku? Chakula huongeza kiasi kinachoingia mwilini, na ulevi nao. Imeze angalau masaa mawili baada ya kula, ukiwa umeshapanda kitandani na taa iko tayari kuzimwa. Ikiwa unalala saa sita, usiimeze saa sita na kuamka saa kumi na moja. Panda kitandani mapema zaidi. Kwa wengi hilo hutosha. Lisipotosha, mwambie daktari akutafutie njia nyingine. Kitanzi chenye levonojestreli ya miligramu 52 hukaa ndani ya kizazi na kuulinda utando kwa miaka 5, na hakuna kidonge cha usiku cha kukumbuka. Kuna vibandiko vyenye homoni zote mbili pamoja. Kuna madaktari wanaoelekeza kapsuli hiyohiyo iwekwe ukeni, lakini hilo ni la kupangiwa, si la kujaribu mwenyewe. Binafsi, kwa mtu aliyeshindwa kapsuli kwa miezi minne, kitanzi ndicho ningekitaja wa kwanza. Na jambo moja ambalo watu hulisahau: siku ukiongezewa estrojeni hadi 75 au 100, uliza hapohapo kama projesteroni nayo inapanda. Ukifika 100, mara nyingi inatakiwa ipande.

Kwa mume wako, sentensi moja inatosha: "Nimeona damu, naenda kupimwa, nataka unisindikize." Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, yeye pia anahitaji kujua ni kwa nini mnapumzika. Haya si aibu yako wala ya umri wako, ni kizazi kinachohitaji kuangaliwa.

Ukiloanisha pedi nzima kila saa kwa masaa mawili mfululizo, ukiona mabonge makubwa, ukapata kizunguzungu au moyo kwenda mbio, usingoje miadi. Nenda sehemu ya dharura muda huohuo. Vivyo hivyo kwa homa pamoja na uchafu wenye harufu.

Leo chukua karatasi uandike tarehe zote mbili za damu, rangi, siku ngapi, pedi ngapi, na kama kulikuwa na tendo la ndoa kabla. Kisha weka kwenye mkoba boksi la vibandiko na pakiti ya kapsuli kama ilivyo, yenye matundu matupu na yaliyobaki. Pakiti hiyo itaeleza usiku ulioruka vizuri kuliko mdomo. Mapokezi sema hivi: "Nilikoma hedhi miaka mitano iliyopita, natumia homoni mbili kwa miezi 14, nimetokwa damu mara mbili mwezi huu, na nimekuwa nikiruka projesteroni." Hapo hawatakupangia mwezi ujao.

Ukishapewa mpango mpya, andika tarehe uliouanza. Madoa mepesi yanaweza kukurudia utando unapozoea. Yakivuka miezi 3 tangu tarehe hiyo, au yakiongezeka kabla ya hapo, rudi na karatasi yako.